Kamera Inayoona Joto

Walimu wa vikundi, tafadhali hakikisheni kila mtu ana daftari na kalamu. Neno jipya la leo ni infraredi. Liandikeni ubaoni, mlisome pamoja: in-fra-re-di.

Infraredi ni mionzi ya joto. Macho yetu hayaioni, lakini ngozi huijua. Simama karibu na jiko la mkaa lililokolea. Uso wako huhisi moto kabla hujaligusa. Mwaka 1800, huko Uingereza, mtaalamu William Herschel aliupitisha mwanga wa jua katika kipande cha kioo cha pembe tatu, zikatoka rangi kama za upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto katika rangi hizo. Alipokiweka nje ya nyekundu, mahali pasipo na rangi yoyote, joto likazidi. Ndivyo mionzi hiyo ilivyojulikana.

Kila kitu hutoa mionzi hiyo: ukuta, mbuzi, chungu, hata barafu. Kamera ya infraredi huipokea na kuifanya picha. Mara nyingi penye joto huonekana peupe, penye baridi peusi. Wako wasemao kwamba kamera hii huona watu kupitia ukuta. Si kweli. Huona joto la uso wa kitu tu.

Haya, twende Mwanza. Saa mbili usiku, baada ya siku ya jua kali, simama ufukoni karibu na kivuko cha Kamanga, uelekeze kamera milimani. Mawe makubwa yatang'aa, na lile Jiwe la Bismarck lililo majini pia, kwa maana yalikunywa jua mchana kutwa na sasa yanalirudisha. Mabati ya nyumba zilizopandana mlimani yatakuwa meusi. Bati ni jembamba, halina akiba. Aliyeegemeza nyumba yake kwenye jiwe ajua sasa kwa nini chumba cha nyuma hakipoi upesi.

Mchana ni kinyume. Ingia nyumba isiyo na dari, tazama juu. Bati la zamani lenye kutu hung'aa kuliko kitu kingine chumbani, na joto lake hukushukia kichwani hata madirisha yakiwa wazi. Dari, hata ya mikeka, huizuia mionzi ile. Mwenye mtoto mchanga asimlaze adhuhuri chini ya bati tupu.

Lakini kamera hudanganywa. Sufuria mpya ya kung'aa, yenye maji yachemkayo, yaweza kuonekana baridi, kwa sababu chuma kinachong'aa hutoa mionzi kidogo na kurudisha ya vitu vingine kama kioo cha kujitazamia. Fundi hodari hubandika kipande cha utepe mweusi, akapima hapo. Kioo cha dirisha nacho ni kama ukuta: mtu aliye nyuma yake haonekani. Bali nailoni nyembamba, hata nyeusi, ni kama haipo. Tia mkono ndani yake, vidole vyote vitaonekana. (Ile mifuko ya kubebea, mwajua, imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019.)

Sasa sikilizeni jambo kubwa zaidi. Waya wa umeme usiokazwa vema kwenye soketi hupata moto kila umeme unapopita. Kamera huonyesha doa jeupe kabla hapajatoka moshi. Nyumbani huna kamera, lakini una pua na mkono. Soketi ikinuka kuungua, au mfuniko wake ukiwa wa moto, zima swichi kuu, umwite fundi. Usiifungue mwenyewe.

Ziwani mambo hugeuka: huko baridi ndiyo dalili ya hatari. Ulaya ilirusha satelaiti yake ya kwanza ya Meteosat mwaka 1977. Satelaiti za aina hiyo hutazama Afrika usiku na mchana kutoka kilomita zipatazo 36,000, kwa infraredi. Wingu la radi hupanda juu sana, na kilele chake huwa baridi kupita kiasi. Kwa hiyo hata gizani laonekana likikua juu ya ziwa, saa zile wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao. Usiku nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto. Pepo kutoka pande zote hukutana ziwani na kupanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dhoruba za mchana kwenye nchi kavu kando ya ziwa ni dalili ya dhoruba ya usiku ziwani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa ziwa. Mvuvi ausikilize kabla ya kusukuma mtumbwi.

Kazi ya nyumbani. Jua likiisha kuzama, sogeza mgongo wa kiganja karibu na ukuta unaoelekea magharibi, bila kuugusa. Kisha ule wa mashariki. Kisha mtungi wa maji. Andikeni sentensi tatu, mje nazo Alhamisi.