Ngitili: Akiba ya Nyasi, Miti na Hewa
(Somo lililotolewa katika redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima)

Mwalimu wenu na aandike ubaoni neno moja: NGITILI. Lisomeni pamoja. Nga-i, ngi, ta-i, ti, la-i, li. Ngitili.

Neno hili mnalijua kuliko mimi. Ni neno la Kisukuma. Ngitili ni sehemu ya ardhi inayofungwa wakati wa mvua, mifugo isiingie, ili nyasi ziote na kukomaa. Kiangazi kikiwa kikali, inafunguliwa sehemu kwa sehemu, ng'ombe wapate kula. Ni ghala, lakini ni ghala la nyasi.

Zamani kila mfugaji mwenye akili alikuwa na ngitili. Kwa nini zilipungua? Sababu ni nyingi. Wakati wa ukoloni misitu mikubwa ya Usukuma ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yaliongezeka, na ng'ombe na watu wakaongezeka. Miaka ya 1970 watu walihamia katika vijiji vipya, na ngitili nyingi zikaachwa bila mwenyewe. Ardhi ikabaki uchi. Upepo ulichukua udongo, na akina mama walitembea mbali kutafuta kuni.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI kwa kifupi. Wakati huo Maswa na Bariadi zilikuwa katika mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Kwanza mabwana misitu walihimiza miche ya kupanda. Kisha walijifunza kwa wazee jambo kubwa zaidi. Mti ukikatwa, mara nyingi mizizi yake haifi. Imelala chini ya udongo. Ukizuia jembe, moto na mifugo, kisiki kinachipua chenyewe. Hununui mche, wala hubebi maji ya kumwagilia.

Sasa tusome hesabu. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuwa hekta zipatazo 350,000, katika vijiji 833. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Nani aliyezilinda? Si askari wa serikali peke yao. Wananchi walikutana katika dagashida, wakaweka sheria zao, na sungusungu wakawatoza faini waliozivunja. Mpango wa HASHI ulikwisha mwaka 2004, lakini ujuzi wa ngitili ni wenu, haukwishi.

Pengine utauliza: haya yanahusu nini na joto la dunia? Yanahusu sana. Viwanda, magari na moto wa misitu hutoa hewa iitwayo hewa ya ukaa. Hewa hiyo hufunika dunia kama blanketi, na joto linazidi. Mvua nazo hazifuati tena majira tuliyoyazoea. Mti unapokua huvuta hewa hiyo na kuifanya shina, matawi na mizizi. Nyasi nazo huacha sehemu yake ndani ya udongo. Mti ukichomwa, hewa ile hurudi angani.

Nchi tajiri zimechafua hewa kuliko sisi, na ni haki kuzidai zipunguze moshi wao. Ngitili za Usukuma peke yake haziwezi kuiponya dunia. Lakini faida yake ya kwanza ni ya mwenye nyumba: nyasi za kiangazi, kuni za karibu, fito, dawa, asali, na udongo unaokaa mahali pake.

Hata hivyo, ndugu zangu, kuna shida, nasi tusiifiche. Ekari iliyofungwa hailimwi pamba wala mahindi msimu huo. Mwenye ekari nyingi anaweza kungoja. Mwenye ekari mbili na watoto sita atafunga nini? Basi kijiji kisimwachie kila mtu na lake. Ngitili ya kijiji ipangwe katika mkutano mkuu wa kijiji, mipaka ijulikane, na asiye na ng'ombe naye apate kuni na asali. Wajane wasisahauliwe. Sheria ikiwapendelea wenye mifugo mingi tu, wengine wataikata ngitili usiku, na hamtaweza kuwazuia.

Mvua za kwanza ndizo saa ya kufunga. Mkikawia, ng'ombe wamekwisha kula machipukizi. Kabla ya kiangazi fyekeni njia pana kuzunguka ngitili, moto usivuke.

Sasa zimeni redio, mzungumze:

1. Katika kijiji chenu, ni wapi visiki bado vinachipua?
2. Nani atapata hasara mahali hapo pakifungwa, na mtamsaidiaje?
3. Faini iwe kiasi gani, na fedha zake zitunzwe na nani?

Kila mmoja aandike jibu moja katika daftari lake. Jibu la pili mlipeleke katika mkutano wa kijiji. Kwaherini.