Sheki haitembei peke yake

Masomo: 2 Wafalme 12:4-15 na Luka 19:1-10

 

Wengi wetu hatujashika sheki hata siku moja. Tunajua feza ya mukononi na feza ya simu. Lakini feza ya serikali, ile ya kununua dawa na kutengeneza barabara, mara nyingi inatoka kwa njia ya karatasi. Sheki ni agizo. Mwenye feza anaandikia banki: umupe mutu huyu kiasi hiki. Banki inaamini karatasi kwa sababu inaamini sahihi iliyo chini yake.

Ndiyo sababu sheki ya serikali haipaswi kutoka kwa mukono wa mutu mumoja. Kuna anayeomba malipo. Kuna anayeshuhudia kwamba kazi imefanyika ao vitu vimefika. Kuna anayeandika malipo katika kitabu ao katika kompyuta. Kuna anayetia sahihi ya kwanza, na anayetia ya pili. Kuna mutu wa banki anayelipa. Mwishoni kuna yule ambaye jina lake limeandikwa juu ya sheki. Muhesabu: ni watu saba. Kama sheki ile ni ya wizi, basi wote walijua, ao mumoja alidanganya na wengine wakafunga macho. Sheki haitembei peke yake. Inabebwa.

Mutu ataniuliza: Muchungaji, unataka kutupeleka wapi? Kwetu kesi hazipo? Zipo. Katika 2020 tulifuata kwa redio na televisheni kesi ya mupango wa siku 100. Mukubwa mumoja alihukumiwa miaka 20 ya kazi ngumu. Katika 2022 tribinali ikamuachilia. Mimi si mwamuzi, na mimbari si tribinali. Kwa hiyo leo ninachukua habari ya Malawi, kwa sababu kule wamoja kati ya walioshitakiwa walisema wenyewe mbele ya mwamuzi: Ndiyo, tulifanya. Tena Malawi si nchi ya wageni kwetu. Si mbali na muji mukubwa wa Lilongwe kuna kambi ya Dzaleka, na wengi wanaoishi pale ni Wakongomani, ndugu zetu waliokimbia vita. Zamani mahali pale palikuwa gereza.

Mwaka wa 2013, katika Lilongwe, karani mudogo wa hesabu alikamatwa na feza nyingi sana, feza ambazo mushahara wake haungeweza kuzaa. Usiku wa tarehe 13 mwezi wa 9, mukubwa wa bajeti katika wizara ya Feza alipigwa risasi mbele ya nyumba yake. Hakukufa, na baadaye yeye mwenyewe alishitakiwa. Vitabu vya serikali vikafunguliwa. Walikuta nini? Watumishi wa serikali waliingia katika mufumo wa kompyuta wa malipo, wakaandika malipo kwa makampuni ambayo hayakufanya kazi yoyote, wakatoa sheki, kisha wakafuta alama katika kompyuta. Sheki zikafika banki, zikalipwa. Wakaguzi walihesabu miezi 6 tu ya mwaka ule, tangu mwezi wa 4 mpaka wa 9. Walikuta kwamba zaidi ya milioni 30 za dola zilikwenda kwa njia hiyo. Watu wakaliita jambo lile Cashgate.

Wafazili wa inchi za ngambo walisimamisha feza walizokuwa wakitia katika bajeti ya Malawi. Kwa hiyo feza iliyoibwa ilikimbiza na feza nyingine. Hasara ya namna hiyo haimupati kwanza mwenye gari. Inamupata mama anayefika hospitalini na mutoto mwenye homa, naye anaambiwa aende kununua dawa kwa duka la njiani.

Sasa musikie wale waliokubali kosa. Mumoja alikuwa katibu mukuu wa wizara ya Utalii. Feza ya serikali, zaidi ya milioni 60 za kwacha, ililipwa kwa kampuni yake mwenyewe bila kazi yoyote. Alikubali mbele ya tribinali, akarudisha feza, na katika 2014 akahukumiwa kifungo hata hivyo. Mwengine alikuwa mufanyabiashara. Kampuni yake ilipokea zaidi ya bilioni 4 za kwacha, naye hakuleta kitu. Alikubali pia, na katika 2015 alihukumiwa miaka 11.

Muangalie huyu wa pili. Hakuwa karani. Kalamu ya kutia sahihi juu ya sheki za serikali haikuwa mukononi mwake. Basi alitoa nini? Alitoa jina la kampuni yake, ili sheki ipate mahali pa kulala. Na bila jina lile, wale wa biro wangefanya nini na karatasi yao?

Wapendwa, turudi katika Neno. Katika siku za mufalme Yoashi, feza ilikuwa ikiingia katika nyumba ya Bwana kwa kutengeneza mahali palipobomoka. Makuhani walikuwa wakiipokea. Lakini mwaka wa 23 wa ufalme wake ulifika, na nyufa zilikuwa palepale. Feza inaingia, nyumba inabomoka! Sisi Wakongomani tunaelewa andiko hili bila mufafanuzi.

Biblia haisemi kwamba makuhani wale walikuwa wezi. Inasema tu kwamba nyumba haikutengenezwa. Na kuhani Yehoyada hakufanya semina ya kuwaonya. Alichukua sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na mazabahu, pale ambapo kila mutu anayeingia anaweza kuliona. Lilipojaa, mwandishi wa mufalme na kuhani mukuu walikuja wote wawili. Walihesabu pamoja, wakafunga feza katika mifuko, wakaipima, ndipo wakawapa wasimamizi wa kazi. Maseremala wakalipwa, wajenzi wakalipwa, na nyumba ikatengenezwa.

Mustari wa 15 unasema kwamba wasimamizi wale hawakuombwa hesabu, kwa sababu walifanya kazi kwa uaminifu. Kuna watu wanaoupenda sana mustari huu! Mutunza feza wa kanisa akiombwa kitabu, anakasirika: “Munanishuku? Someni mustari wa 15!” Ndugu yangu, tutausoma, lakini tuanze na mustari wa 10. Kabla feza haijafika kwa wasimamizi, watu wawili walikwisha kuihesabu pamoja. Hata mutume Paulo, alipobeba sadaka ya makanisa kwenda Yerusalemu, hakukubali kuibeba peke yake. Kuhesabu watu wawili si kumutukana mutu mwaminifu. Ni kumulinda.

Leo nina neno kwa watu watatu.

Wa kwanza ni wewe mutumishi wa serikali. Mukubwa wako anaingia saa kumi, wengine wamekwisha kurudi nyumbani, anatia karatasi mbele yako: “Tia sahihi tu, mimi ndiye nitajibu.” Ndugu, hatajibu. Siku ya kesi, kila sahihi inaitwa kwa jina lake. Usipoona kazi, usiandike kwamba umeiona. Sitakudanganya kwamba jambo hili ni rahisi. Unaweza kuhamishwa mbali na watoto wako. Unaweza kukosa primi, nawe mushahara wako hautoshi hata kufika katikati ya mwezi. Danieli alikuwa mutumishi wa serikali, adui zake wakatafuta kosa katika kazi yake, wakalikosa, na hata hivyo aliingia katika shimo la simba. Lakini ninasema na kanisa pia: mutu akipoteza kazi kwa sababu alikataa kudanganya, tusimuache peke yake na njaa. Tulipe masomo ya watoto wake. Tusipofanya hivyo, mahubiri haya ni kelele.

Wa pili ni wewe kijana mwenye konti ya banki, ao mwenye kampuni ndogo. Wanakuja kwa upole: “Tutapitisha feza kwa jina lako, wewe utabakiza kidogo.” Unafikiri haukuiba, kwa sababu haukuingia katika biro ya mutu. Kumbuka yule mufanyabiashara wa Malawi na miaka yake 11. Jina lako ulilipewa na baba yako, na siku ya ubatizo liliitwa mbele ya kanisa. Usilikodishe.

Wa tatu ni sisi wachungaji, na hapa ninaanza na mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunajenga, na mabati yalikuwa yametushinda. Ndugu mumoja, mukubwa kazini kwake, aliniletea bahasha nzito. Nilijua kiasi cha mushahara wake, kwa maana alikuwa amenieleza matatizo yake mwaka ule ule. Sikumuuliza neno. Niliinua bahasha mbele ya watu, nikaomba Mungu amuzidishie mara mia, kanisa likapiga vigelegele. Baada ya miezi michache nilisikia kwamba watu wa kazi yake walikuwa wakidai malipo yaliyotoka juu na hayakuwafikia. Usingizi ulinitoka.

Nilikwenda kwake usiku, na swali nililopaswa kuuliza siku ya kwanza, nikaliuliza sasa. Alilia kabla ya kujibu. Nilirudi nikawaeleza wazee wa kanisa makosa yangu, si yake. Mabati yaliyobaki katika depo tuliyauza, yeye akauza kiwanja chake, na feza ikarudi kwa wenyewe mbele ya mashahidi. Haikutosha yote. Bado anaendelea kulipa kila mwezi. Upande mumoja wa jengo letu ulikaa misimu miwili bila paa, na mvua ilipotunyeshea nilijua sababu yake.

Kwa hiyo ninawauliza wachungaji wenzangu: tunapoita watu wenye feza kukaa viti vya mbele, tunawafundisha nini wale waliobaki maskini kwa sababu walikataa bahasha? Mutoto akiona kwamba mwizi anaombewa na mwaminifu anachekwa, amekwisha kupata mahubiri yake.

Labda unanisikia, na sahihi yako iko tayari chini ya karatasi mbaya. Unasema: nimechelewa. Umuangalie Zakayo. Alikuwa mukubwa wa watoza kodi, na muji wote ulijua namna alivyotajirika. Yesu aliingia kwake kabla hajarudisha hata shilingi. Neema ilitangulia. Lakini neema ilipoingia, Zakayo alisimama, akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemunyanganya arudishiwe mara ine. Hakusema tu “Bwana unisamehe” kisha kurudi mezani.

Kurudisha si kununua uhuru. Yule katibu mukuu wa Malawi alirudisha, na gereza lilimungoja. Inawezekana nawe utarudisha na bado utaitwa mbele ya mwamuzi. Uende. Damu ya Yesu inasafisha dhambi, lakini haifuti alama katika kompyuta kama walivyozifuta wale wa Lilongwe. Mutu aliyesamehewa na Mungu anaweza kusimama mbele ya tribinali na kusema kweli. Na kama kifungo kinakuja, kanisa litakuja kukutembelea na chakula.

Tuombe. Bwana, unajua kila sahihi tuliyoitia mahali ambapo hatukuona. Utupe moyo wa kukataa kesho asubuhi, karatasi itakapowekwa mbele yetu. Utupe kurudisha kilicho cha wengine, hata kama nyumba yetu itabaki nusu bila paa. Uwakumbuke wagonjwa waliokosa dawa kwa sababu ya kalamu zetu. Katika jina la Yesu. Amina.