Joto la Moshi, Figo na Mimba

Msikilizaji, kati ya Januari na Machi mchana wa Moshi haukaliki. Wenzetu wa Marangu na Machame wana kivuli cha migomba; mkata miwa wa Arusha Chini hana. Anainama na panga tangu asubuhi, shati limeloa jasho, na maji aliyobeba yanakwisha kabla kazi haijaisha. Mwili ukikaukiwa hivyo siku baada ya siku, figo huumia kimyakimya. Huko El Salvador na Nicaragua, maelfu ya wakata miwa, wengi wao wanaume ambao hata hawakuwa na kisukari, wamekufa kwa ugonjwa wa figo. Hapa kwetu, utafiti uliochapishwa 2015 ulikuta karibu nusu ya wenye ugonjwa sugu wa figo hawana kisukari, shinikizo la juu la damu wala VVU. Haukusema chanzo ni joto, lakini swali hilo tusiliache lilale.

Mwanamke naye ana mzigo wake. Mama anayeuza ndizi sokoni hujinyima maji makusudi: choo kiko mbali, ni cha kulipia, na meza hana wa kumwachia. Akiwa mjamzito hatari huzidi, kwani joto kali huongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati, hata mtoto kufia tumboni. Na jioni mama huyo husubiriwa na jiko la kuni, joto juu ya joto.

Kwa maoni yangu, wenye mashamba wanadaiwa kivuli, maji na mapumziko ya mchana. Manispaa nayo inadaiwa vyoo vya bure masokoni, na viwe tayari kabla ya Januari.