Mali bila Daftari
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Garissa)



Mchungaji wa nchi yetu halali kabla ya kuhesabu mifugo yake jioni. Akipungukiwa na mbuzi mmoja, hujua ni yupi, na mama yake ni nani. Lakini mwulize mtu huyo huyo, “Mwaka huu ulikusudia kutenda nini, nawe umefika wapi?” Atanyamaza. Nasi pia hatuna nafuu. Katika mkutano uliopita tulisimama mmoja mmoja tukaahidi mengi, wala halikuandikwa hata moja. Leo nani atamwuliza mwenzake? Wahenga walisema, “Mali bila daftari huisha bila habari”. Na umri wa mtu ni mali.

Nitatoa mfano wa karibu. Bwana Abdullahi Mire alikulia katika kambi za Dadaab, zilizoanza kufunguliwa hapa Garissa mwaka 1991. Alipata makazi Norway, lakini alirejea kuwatumikia wenzake. Msichana mmoja kambini alimwomba kitabu cha bayolojia, kwa kuwa kimoja kilishirikiwa na wanafunzi wengi. Haja ilikuwa ndogo: kitabu kimoja. Mwaka 2023, alipotunukiwa Tuzo ya Nansen na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, vitabu alivyowafikishia watoto wa kambini vilikuwa 100,000, na maktaba zilikuwa tatu. Laiti visingalihesabiwa, tungalijuaje?

Basi nashauri hivi. Kila mwanachama na anunue daftari ndogo, aandike jambo moja aliwezalo: kupanda mwarobaini mmoja na kuumwagilia, kupunguza deni la dukani, au kumsikiliza mtoto akisoma kila juma. Atakapotenda, aandike tarehe. Mzee asiyejua kuandika amwite mjukuu wake. Wote wawili watafaidika. Kila mwisho wa mwezi amsomee ukurasa huo mtu anayemheshimu.

Tena, ukurasa mtupu usitutie haya hata tukaficha daftari. Mwenye kuhesabu jioni hugundua upotevu mapema, naye humtafuta mbuzi kabla ya fisi kumwona. Asiyehesabu hukuta mifupa.

Mwakani, Inshallah, tusije hapa na ahadi mpya tu. Tuje na daftari zetu mkononi.