Ile pesa ya mwezi wa pili: namna kodi inavyokata mshahara wa ndugu zetu walio Marekani

(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanamemba, Baraka)



Komite ilituomba tuseme juu ya kodi za Marekani. Tulipotangaza, mzee mmoja alituuliza, "Kodi za Marekani zinatuhusu nini siye tuliorudi?" Swali lake ni zuri, tuanzie hapo. Nyarugusu tulikaa pamoja. Kisha wengine wakapanda ndege, na siye wengine tukapanda meli pale Kigoma tukarudi huku. Lakini mfuko ulibaki mmoja. Minerval ya watoto, dawa ya mama, mabati ya nyumba, hata mchango wa chama hiki, sehemu kubwa inatoka kwa ndugu aliye kule. Basi kinachokata mshahara wake kinakata chakula chetu pia. Na katika kazi yetu ya kutembelea familia, tumeona miaka hii jamaa nyingi zikigombana, na mara nyingi ugomvi unaanza mwezi wa pili, wakati wa makaratasi ya kodi.

Kwanza tujue mshahara wenyewe. Tuchukue mtu mmoja, hana mke wala mtoto, anafanya kazi kwenye kiwanda cha kukata nyama, analipwa dola 16 kwa saa. Juma mbili, saa 80, ni dola 1,280. Hiyo ndiyo hesabu anayotutajia kwenye simu, na siye tunaibadilisha haraka katika franga na kusema, "Ndugu yetu ametajirika." Lakini hiyo haiko pesa inayoingia mkononi mwake.

Siku ya kwanza ya kazi anajaza karatasi inaitwa W-4. Hiyo inamwambia patron akate kodi kiasi gani. Wale kati yetu waliofanya kazi ya mshahara kwenye ONG wanajua ile IPR. Ni mtindo uleule, patron anakata kabla ya kulipa na anapeleka serikalini. Kule kuko makato mawili makubwa. La kwanza ni la pensheni na matibabu ya uzeeni: asilimia 6.2 na asilimia 1.45, jumla 7.65. Hilo linakatwa kuanzia dola ya kwanza. Kwa dola 1,280 ni kama dola 98.

La pili ndilo kodi ya mapato yenyewe, inayokusanywa na ofisi ya serikali kuu inayoitwa IRS. Hiyo haianzi na dola ya kwanza. Kwa mapato ya mwaka 2025, mtu asiye na ndoa anaachiwa dola 15,750 bila kodi, na mume na mke wanaoandika pamoja wanaachiwa dola 31,500. Kinachozidi ndicho kinatozwa, kwa ngazi. Kwa mtu wetu asiye na ndoa, dola 11,925 za kwanza juu ya zile zilizoachiwa zinatozwa asilimia 10, na zinazofuata asilimia 12. Kwa mwaka mtu wetu anapata dola 33,280. Ukifanya hesabu, kodi yake ni kama dola 1,865 kwa mwaka, ndiyo kusema kama dola 72 kila juma mbili.

Sasa toa 98, toa 72. Amebaki na dola 1,110. Na kama jimbo lake nalo lina kodi yake, kama Kentucky au Iowa, inakatwa tena. Texas na Tennessee hazikati kodi ya mshahara. Kisha bima ya ugonjwa, kisha nyumba, kisha mafuta ya gari, kwa sababu kule bila gari hufiki kazini. Na kuko deni moja ambalo wengi wetu tumelisahau: tiketi ya ndege. Mkimbizi aliyepelekwa Marekani alitia sahihi kwamba atalipa tiketi zake kidogo kidogo. Deni hilo halina faida, lakini ni deni, na familia ya watu wanane ina tiketi nane.

Sasa tuje kwa ile pesa ya mwezi wa pili. Mwaka ukiisha, patron anapaswa kutoa karatasi inaitwa W-2 kabla ya mwisho wa mwezi wa kwanza. Inaandika alipata nini na alikatwa nini. Ndugu yetu anaichukua, anajaza karatasi nyingine, 1040, na kuipeleka IRS kabla ya tarehe 15 mwezi wa nne. Kama alikatwa zaidi ya anachodaiwa, anarudishiwa. Kama alikatwa kidogo, anaongeza.

Tunaomba wamama wa AVEC watusaidie hapa. Mama anapoweka kidogo kila juma kwenye sanduku, na mwisho wa mwaka sanduku linafunguliwa, je, amepewa zawadi? "Hapana, ni makuta yake!" Ndivyo hivyo. Sehemu kubwa ya kurudishiwa ni jasho lake mwenyewe lililokatwa kupita kiasi.

Lakini kuko sehemu nyingine ambayo ni msaada wa kweli wa serikali kwa wafanyakazi wenye mshahara mdogo na kwa wenye watoto. Kwa mwaka 2025, mtoto aliye chini ya miaka 17 anaweza kupunguza kodi ya wazazi hadi dola 2,200, na hata kama kodi yao imefika sifuri, hadi dola 1,700 za huyo mtoto zinaweza kurudi mkononi. Ndiyo maana familia yenye watoto inaweza kupata dola elfu kadhaa kwa mara moja. Na ndiyo maana shida inaingia.

Mwezi wa pili, mwanamemba wetu mmoja alikuja kutuona akiwa na simu mkononi. Kaka yake mkubwa alimwandikia kutoka kule: "Nitumie karatasi za kuzaliwa za watoto wako watatu. Kuko mutu huku anaandikaka taxes, anasema kila mutoto analeta franga. Tutagawana." Mdogo alikuwa ameshapiga picha za karatasi. Alitaka tu kujua kama zinahitaji muhuri wa komine.

Tulimwambia asitume. Tukakaa naye, tukamwelezea kama tunavyowaelezea ninyi leo. Ule msaada ni wa mtoto anayeishi na wewe ndani ya nyumba yako, zaidi ya nusu ya mwaka, na mwenye namba ya Social Security inayomruhusu kufanya kazi kule. Mtoto anayelala Baraka halali Kentucky. Hata ukimlipia minerval, hata ukimnunulia viatu, kwa hiyo karatasi ya kodi yeye si mtoto wa nyumba yako. Huo si ubaya wa mtu fulani, ni sheria yao ilivyo. Na mtu akiandika uongo na IRS ikagundua, anarudisha pesa yote pamoja na faini na faida. Tena anaweza kufungiwa ule msaada miaka 2 kama alifanya uzembe wa kutojali sheria, na miaka 10 kama alidanganya kwa makusudi.

Yule mwanamemba alimjibu kaka yake kwamba hatatuma. Kaka alikasirika. Alisema, "Wewe unasikiliza watu wa ONG kuliko yaya yako." Hadi leo simu zao ni fupi. Hatuwezi kuwaambia kwamba wamepatana, hawajapatana. Lakini tunamsifu yule mdogo mbele yenu, maana alikataa pesa wakati nyumba yake haina mlango.

Kwa nini tunamsifu? Kwa sababu tumeona upande wa pili. Kuko nyanya hapa kwetu anayelea wajukuu wawili. Mjomba wao aliye Marekani ndiye alikuwa analipa masomo yao. Huyo mjomba aliandika kwenye karatasi yake watoto wa dada yake, ambao wanaishi na mama yao katika jimbo lingine la kule. Dada naye aliwaandika, kwa haki. Watoto walewale kwenye karatasi mbili! Barua zikaja. Mjomba aliombwa alete ushuhuda kwamba watoto wanaishi kwake, barua ya shule, karatasi ya daktari. Hakuwa nazo. Sasa anarudisha ile pesa kila mwezi. Na aliyemjazia karatasi? Alichukua malipo yake na simu yake haipiti tena. Mwisho wa yote, minerval ya wale wawili huku imekatika. Nyanya alituuliza, "Kosa lilifanyika Marekani, mbona adhabu imekuja kwangu?" Tulikosa jibu.

Tuseme pia juu ya vijana. Wengi kule hawana patron wa kweli. Wanapeleka chakula kwa gari, wanasafisha ofisi usiku, na mwisho wa mwaka wanapewa karatasi inaitwa 1099, si W-2. Maana yake hakuna aliyewakatia kitu. Pesa yote inaingia mkononi, na kijana anaona amebarikiwa kuliko wenzake wa kiwanda. Lakini sheria inamhesabu kama mfanyabiashara. Akipata faida ya dola 400 au zaidi kwa mwaka, anadaiwa yale makato ya pensheni mara mbili, sehemu yake na sehemu ya patron, asilimia 15.3. Kwa faida ya dola 20,000, hiyo peke yake ni kama dola 2,826. Alitakiwa kuweka pembeni na kulipa kidogo kidogo mara nne kwa mwaka. Badala yake alitutumia siye yote. Tukajenga, tukashona vitenge vya arusi. Mwezi wa nne anadaiwa, na siye tunasema amebadilika.

Tulipomaliza, watu waliuliza maswali. Tunaandika majibu hapa kwa wale ambao hawakufika.

Je, siye tunaopokea tunalipa kodi Marekani? Hapana. Pesa anayokutumia ndugu ni zawadi. Lakini na yeye haimpunguzii kodi, hata kama ametuma nusu ya mshahara.

Je, kutuma kumeongezwa kodi? Ndiyo, tangu tarehe 1 Januari 2026 kuko asilimia 1 kwa mtu anayepeleka pesa taslimu dirishani. Kwa dola 200 ni dola 2. Anayetuma kutoka kwenye akaunti ya benki au kwa kadi ya benki ya kule haikatwi. Mwambieni atume kwa kadi.

Mtu aliyepata uraia wa kule akirudi kuishi Baraka? Sheria ya Marekani inamfuata. Mapato yake yakifika kiwango, anaandika karatasi kila mwaka, hata kama anauza samaki hapa.

Na kuandika vizuri kuna faida gani? Kubwa. Anapoomba uraia anaulizwa kama aliandika kodi na kama anadaiwa. Na raia anayetaka kumwita mama yake kule anaombwa aonyeshe karatasi za kodi. Uongo wa mwaka huu unaweza kufunga mlango wa mama kesho.

Aende kwa nani basi? Kuko mpango unaoitwa VITA, wa watu waliofundishwa wanaojaza karatasi za wenye mshahara mdogo bila malipo. Akienda kwa wa kulipwa, huyo lazima atie sahihi yake na namba yake kwenye karatasi. Anayekataa kutia sahihi, akimbiwe. Anayedai sehemu ya pesa itakayorudi, akimbiwe pia. Na mtu asitie sahihi kwenye karatasi tupu hata siku moja.

Wafadhili wetu, tunawaomba mjue kitu kimoja. Mnapoona kwenye ripoti zetu kwamba familia "ina ndugu nje", msiifute haraka kwenye liste ya msaada. Ndugu wa nje ana dola 1,110, si 1,280, na ana tiketi za ndege juu ya kichwa.

Na ninyi wanamemba, tuliomba mambo matatu, na mkutano ulikubali kwa mikono. La kwanza, chama kisipange mabati ya ghala juu ya ahadi ya mwezi wa pili. Tupange juu ya ile kidogo inayofika kila mwezi. La pili, hakuna mwanamemba atakayetuma karatasi ya mtoto kwa ajili ya kodi ya mtu mwingine kabla ya kuja kuuliza. La tatu, tukipiga simu kule mwezi wa pili, tuulize kwanza, "Umelipa deni gani?" kabla ya kuuliza, "Umepata ngapi?"

Kuhusu wale wajukuu wawili, mkutano haukuahirisha. Wamama wa AVEC walifungua sanduku la mshikamano palepale, na minerval ya miezi miwili imelipwa. Miezi iliyobaki hatujui. Nyanya yupo, mnamfahamu, anakaa mstari wa nyuma.