Gunia moja, nyumba kumi



Tulipoanza, miaka kumi iliyopita, tulijua kuweka tu. Hela inaingia sandukuni, lakini nyumbani ni mafuta ya kupima, sukari robo, dagaa fungu. Mwenye duka kanunua gunia, faida yake iko kwenye yale mafungu yetu. Tukasema gunia hilo tutalinunua wenyewe.

Sasa nyumba kumi tunachanga. Maharage tunaagiza Kasulu, kilo 100, kila nyumba kilo 10. Mawese tunachukua kwa dumu la lita 20. Sukari na sabuni ni maduka ya jumla, Mwanga. Dagaa tunawafuata Kibirizi wenyewe, na hapo ufungue macho. Walioanikwa mchangani ni rahisi, lakini unapimiwa na mchanga. Wa kwenye chanja wamezidi bei kidogo, ila ni dagaa watupu. Na wawe wakavu! Wakiwa na unyevu, gunia zima linaharibika. Kugawana ni kwa mizani. Kopo lina maneno.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, dagaa wetu walikuwa ndani tayari.

Asiye na hela siku ya kuchanga, mfuko unamlipia, naye anarudisha kidogo kidogo kila kikao. Bila hivyo mjane angebaki kwenye mafungu. Waume wengine wananung'unika kwamba chakula kikiwa kingi ndani kinaliwa haraka. Ni kweli, watoto wanaongeza sahani.

Kikao kijacho ni zamu ya mchele. Waliochanga waje na ndoo zao.