Timu ya Wahandisi wa Chatham

Twapenda kuwasimulia habari za timu ya mpira wa miguu iliyotoka katika chuo cha jeshi. Chuo chenyewe ni cha wahandisi, maofisa wa kikosi kiitwacho Royal Engineers, ambao kazi yao ni kujenga madaraja, kuchimba mahandaki na kupima nchi. Kiliwekwa Chatham, katika jimbo la Kent, Uingereza, mwaka 1812. Watu wa pwani yetu waijua kazi ya kikosi hicho hata kama hawalijui jina lake, maana aliyeongoza upimaji wa njia ya reli toka Mombasa mpaka Ziwa la Viktoria, mwaka 1891 na 1892, alikuwa Kapteni Macdonald wa kikosi hicho hicho.

Zamani hizo mpira haukuchezwa kama tuuonavyo sasa. Mtu akiupata aliukokota mwenyewe, akawakabili adui mmoja baada ya mmoja hata anyang'anywe, na wenziwe wakimfuata nyuma kama nyuki. Maofisa wa Chatham, chini ya nahodha wao Francis Marindin, walishika desturi nyingine: aliyebanwa alimpa mpira mwenzake aliye wazi. Wako wasemao kwamba Waskoti ndio walioanza, na ubishi huo haujaisha. Lakini mwezi wa Desemba 1873 Wahandisi walisafiri kwenda kucheza Sheffield, Derby na Nottingham, na huko nako mchezo wao wa kupeana mpira ukaonekana.

Sisi twadhani desturi hiyo ilitokana na maisha yao. Afisa hakukaa Chatham ila muda wa masomo yake, kisha akapelekwa ng'ambo. Luteni Alfred Goodwyn, aliyecheza mwaka 1872, alifia Bara Hindi mwaka 1874. Timu ambayo watu wake huondoka daima haiwezi kumtegemea stadi mmoja. Hapana budi iwe na mwenendo ambao hata mgeni aliyeingia jana aweza kuufuata.

Tarehe 16 Machi 1872 ulichezwa mchezo wa mwisho wa kwanza kabisa wa Kikombe cha Chama cha Mpira cha Uingereza, katika uwanja wa Kennington Oval, London, mbele ya watu wapatao 2,000. Wengi walidhani Wahandisi watashinda. Dakika kama kumi tu zilikuwa zimepita, Luteni Creswell akavunjika mtulinga. Sheria za siku zile hazikumruhusu mtu wa akiba kuingia. Basi Creswell akakataa kutoka, akasimama pembeni mwa uwanja na maumivu yake mpaka mwisho. Wanderers wakashinda kwa goli 1 kwa 0. Mwaka 1874 Wahandisi walirudi, wakafungwa 2 kwa 0 na Chuo Kikuu cha Oxford.

Mwaka 1875 wakakutana na Old Etonians, vijana waliosoma Eton. Siku hiyo upepo ulivuma kwa nguvu, na sheria ilikuwa kwamba kila goli lifungwapo timu hubadilishana upande. Basi Wahandisi waliposawazisha, malipo yao yalikuwa kurudishwa tena kuukabili upepo! Walivumilia, mchezo ukaisha 1 kwa 1 baada ya muda wa ziada. Siku tatu baadaye walikutana tena. Old Etonians walikosa baadhi ya watu wao wa kwanza, wakaweka wengine. Wahandisi wakashinda 2 kwa 0, wakakichukua Kikombe.

Mwaka 1878 walifika mara ya nne, wakashindwa 3 kwa 1 na wale wale Wanderers. Hawakufika tena. Mwaka 1883 Kikombe kilikwenda kwa Blackburn Olympic, timu iliyokuwa na wafanyakazi wa viwanda vya pamba, nao pia walijua kupeana mpira. Marindin alikuwa Rais wa Chama cha Mpira tangu 1874 hata 1890, akayaona mabadiliko hayo yote. Mara nyingi yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mwamuzi wa mchezo wa mwisho. Na mwaka 1908 askari wa depo ya Wahandisi waliifunga Stockton 2 kwa 1, wakatwaa Kikombe cha wachezaji wasiolipwa.